Jibu la Mtu Mwingine

3 Februari

Mdogo wangu,

Huku wazima wote, na naanza na Mama kwa sababu najua macho yako yatamtafuta yeye kwanza. Anakula. Juzi alimaliza sahani yake akaomba nyongeza, wifi yako akabaki ameshika mwiko hajui acheke au alie. Mapacha wameingia darasa la tano na bado wanagombania kitanda cha upande wa dirisha. Mimi chaki inanikausha vidole kama miaka yote. Wanafunzi wa mwaka huu wamenipa jina jipya, Mwalimu Onyesha Njia, kwa sababu kila daftari la hisabati nalirudisha na maneno hayo kwa wino mwekundu. Najifanya silijui.

Nakuandikia kwa kuwa simu hupokei, na ukipokea uko kazini hata Jumapili. Tena simu ya hapa nyumbani unaijua: spika juu, Mama pembeni, mapacha wanadandia. Kuna mambo ya kuandikwa kwenye karatasi.

Nayapanga kwa mfuatano, unisahihishe nikikosea. Oktoba Mama alikatwa vipande viwili vya nyama kwenye ule uvimbe wa titi, vikaletwa huko kwenye maabara yenu, karatasi ikarudi imeandikwa saratani. Mama akakataa kisu. Akasema apewe nafasi ya kuomba kwanza, na kanisa zima likaingia kwenye maombi pamoja naye siku arobaini, mimi mzee wa kanisa nikiwa mbele. Januari nikambembeleza akakubali kurudi hospitali ya hapa. Daktari wa upasuaji hakutaka kukata kwa kutegemea karatasi ya miezi mitatu. Akachukua kipimo kingine, akakipeleka maabara nyingine. Kikarudi safi. Hata hivyo wakautoa uvimbe wote, wakaupima wote. Safi. Uvimbe wa kawaida tu, usio na madhara.

Sasa kanisa linaandaa ibada ya shukrani. Wewe unanijua, mimi ni mtu wa fizikia siku tano na mtu wa madhabahuni siku moja, na hao wawili sijawahi kuwaona wakigombana ndani yangu. Sitaki kelele, nataka ushahidi. Naomba utuandikie barua yenye mhuri wa hospitali yenu kwamba kipimo cha Oktoba kilikuwa sahihi. Karatasi ya Oktoba hii hapa, ya Januari hii hapa, katikati hakuna dawa wala kisu. Halafu atakayebisha aniambie hapo katikati palikuwa na nini.

Wifi yako anakusalimu. Anasema chumba chako bado ni chako, amehamishia tu cherehani humo.

Kaka yako


25 Februari

Kaka,

Barua yako nimeipata. Nimefurahi kusikia Mama anakula. Wape mapacha pole ya dirisha.

Mimi nipo. Chumba ni kilekile cha nyumba za wafanyakazi, ghorofa ya pili, maji yanapanda asubuhi mpaka saa moja, ukichelewa umekwisha. Jirani yangu, nesi wa wodi ya wazazi, amehama, na aliyehamia ana redio. Kazini tuko watatu badala ya watano.

Kuhusu barua ya mhuri, mimi si mwenye kusaini. Mimi naandaa tu: natoa nyama kwenye kichupa, naiweka kwenye nta, naikata nyembamba, naipaka rangi juu ya kioo. Anayesoma kwenye hadubini na kuandika jibu ni daktari. Kwa hiyo usiwaahidi watu.

Naomba kitu kimoja. Kwenye karatasi ya Oktoba, juu upande wa kulia, kuna namba. Niandikie hiyo namba kama ilivyo, usiinyooshe. Tena usimsomee Mama barua zangu.

Mdogo wako


14 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka hapa. Bati la jikoni tumelibadilisha, sasa ikinyesha hatusogezi tena masufuria. Pacha mmoja ameng'oka jino kwa kugongana na mwenzake. Kila mmoja anadai ndiye aliyegongwa.

Namba ni 1147. Unaitakia nini hukusema, na mimi sikuuliza, ila nimejiuliza.

Ibada ilifanyika bila karatasi yako. Mama alisimama. Unajua hapendi kusimama mbele za watu, hata kwenye harusi yangu alitoa neno akiwa amekaa. Safari hii alisimama, akasema: "Niliambiwa nina saratani. Nikaomba. Sasa sina." Akakaa. Hakuongeza hata nukta. Tangu hapo watu wanakuja nyumbani. Wanataka kumshika mkono tu. Mama anawakaribisha, anawapa kiti, mkono unashikwa, wanaondoka. Wifi yako anasema tungeweka benchi nje.

Kuna mmoja anakuja kila siku. Ni fundi cherehani, yule mwenye meza barazani karibu na posta, aliyeshona sare za mapacha. Naye ana uvimbe, upande uleule. Anaomba na Mama kila alasiri. Mpaka sasa hajapimwa.

Nikueleze jinsi ninavyoliona jambo hili, maana nahisi unaniona nimekuwa mjinga. Wiki iliyopita mwanafunzi alileta jibu sahihi bila njia hata mstari mmoja. Nikampa alama moja kati ya tano, kisha nikakaa na lile daftari muda mrefu. Nikawaza, Mungu ndivyo anavyotupa: jibu bila njia. Sayansi ni sisi tuliokaa na penseli tunatafuta njia iliyofika pale. Kwa nini wanaotafuta njia wagombane na aliyetoa jibu? Jibu si lipo? Mama si yupo, anakula?

Niambie kosa liko wapi hapo. Unaandika kama mtu anayejaza fomu.

Kaka yako


2 Mei

Kaka,

Hamjambo? Mimi sijambo.

Barua yako ilifika Machi, ikakaa mezani. Najua umepiga simu, nimeiona.

Mpelekeni fundi cherehani hospitali, wiki hii. Akikataa, mwambie mimi nimesema. Akiuliza mimi ni nani, mwambie nafanya kazi hiyo.

Nitaandika tena. Usiniharakishe.

Mdogo wako


19 Mei

Mdogo wangu,

Tuko salama, ingawa salamu zako zimekuwa fupi kuliko anwani yako. Mama ameuliza mara tatu ulichoandika. Nimemwambia unasalimu. Sikudanganya, neno "hamjambo" lilikuwepo.

Nilikwenda kwa fundi cherehani, nikamkuta anatia uzi kwenye sindano. Nikamwambia kwa upole, nikamtajia na wewe. Akasema, bila kuinua macho, "Mama yako alipewa siku zake arobaini, Mwalimu. Mimi mbona mnaninyima?" Nilirudi nyumbani nimebeba suruali yangu ambayo hata hakuwa ameimaliza.

Sasa niruhusu niseme na mimi. Ulipoacha kuomba sikukuuliza. Tulipomzika mwanao, miaka sita iliyopita, ulirudi mjini siku ya tatu na tangu hapo ukiwa kwetu unatoka nje tukianza kushukuru chakula. Nimenyamaza, wifi yako kanyamaza, Mama kanyamaza. Lakini kama umeshindwa kufurahi kwa sababu furaha yetu ina jina la Mungu ndani yake, niambie wazi. Nitaumia, yatapita. Hiki unachofanya hakipiti.

Kaka yako


8 Juni

Kaka,

Natumaini mko salama. Mimi nimesimamishwa kazi tangu tarehe kumi Mei, kwa hiyo nina muda wa kuandika vizuri. Soma barua hii ukiwa peke yako.

Siku ile ya Oktoba nilikuwa peke yangu zamu ya asubuhi. Trei ilikuja na vichupa kumi na viwili. Cha nane kilikuwa na jina la Mama. Sikujua kama vingefika siku hiyo. Utaratibu unasema ukikuta jina la ndugu yako umwachie mwenzako, lakini mwenzangu alikuwa anakuja saa sita, nami nikaona ni uvivu kumsubiri. Nikafungua cha Mama, na cha tisa kilikuwa kimeshafunguliwa pembeni yake. Kilikuwa cha mwanamke mwingine, namba 1148. Vyote viwili titi, vyote upande wa kushoto.

Halafu nikafumba macho, nikaomba. Nakwambia jinsi ilivyokuwa. Sikupanga. Mikono yangu ilikuwa juu ya meza, glavu zimelowa, nikasema moyoni isiwe yake. Mara moja tu. Nikafumbua, nikaendelea na kazi. Nyama niliitia kwenye vijisanduku vyake vya plastiki, nikafunga, nikaandika namba.

Ulipoandika kwamba kipimo cha pili ni safi, nilijua siku hiyohiyo. Sikuwa na uhakika, ila nilijua. Ndiyo maana nikaomba namba, nione kama labda aliyechapa karatasi ndiye aliyekosea. Hakukosea. Namba yako na ya kwetu ni moja.

Tunazitunza zile nyama kwenye nta, Kaka, kwa miaka. Machi tarehe ishirini nilizitoa mbili. Fomu ya Mama imeandikwa vipande viwili, kama ulivyosema. Fomu ya yule mwanamke imeandikwa kipande kimoja. Kwenye nta ya Mama kulikuwa na kipande kimoja. Kwenye ya mwenzake vilikuwa viwili. Huna haja ya hadubini kuona hivyo. Mtoto angeona.

Mama hakuwa na saratani Oktoba, wala Januari. Hakuwahi kuwa nayo.

Uliniuliza kosa liko wapi. Jibu lenu lilikuwa sahihi. Ila lilikuwa la swali la mtu mwingine.

Yule mtu mwingine ni mpishi wa shule moja ya bweni, ana miaka arobaini na moja. Oktoba aliambiwa yuko salama, akarudi jikoni. Nilipojua, Machi, ningeweza kumwambia mkuu wa maabara siku ileile, mpishi akatafutwa. Sikumwambia. Kila asubuhi nilivaa koti nikasema leo. Nilikaa hivyo wiki sita. Wala sikuwa nalia, usifikiri nilikuwa nalia. Nilikuwa nakwenda kazini, nakunywa chai, nakata nyama, narudi. Mwishoni mwa Aprili alikuja mwenyewe kwa sababu ya kikohozi. Saratani imefika kwenye mapafu. Baada ya hapo ndipo nilipoandika ile barua fupi, na wiki iliyofuata nikaenda kwa mkuu wa maabara na zile nta mbili mkononi.

Wamemwambia mpishi ukweli wote, na mimi nilikuwepo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama anaweza kunywa maji.

Kwa hiyo nilivyoomba ndivyo ilivyokuwa. Niliomba isiwe ya Mama, na haikuwa ya Mama. Sijui kama ilishakuwa hivyo kabla sijafumba macho, au kama nilivipishanisha kwa sababu nilifumba macho. Nimelipitia mara nyingi. Kwa mfuatano wa kazi, naona ile sekunde ndiyo yenyewe. Usinitafutie maana yake, tafadhali. Mimi sijaitafuta.

Mwambie fundi cherehani.

Mdogo wako


6 Julai

Mdogo wangu,

Nilikaa na barua yako siku kumi na moja. Niliiweka ndani ya kitabu cha fizikia cha kidato cha tatu, ambacho hakuna mtu nyumbani angekifungua. Huku wazima. Pacha aliyeng'oka jino limeota jingine.

Kwanza nilimwambia wifi yako, akaniambia nianze na Mama. Mama nilimkuta jikoni anachambua mchele. Nikamweleza kama ninavyoeleza darasani, hatua kwa hatua, vichupa, nta, vipande viwili na kimoja. Nilipomaliza aliendelea kuchambua kidogo, akaniuliza, "Kwa hiyo mimi niliogopa bure?" Nikasema ndiyo. "Na yeye hakuogopa, naye alistahili kuogopa." Nikasema ndiyo. Akamimina mchele kwenye sufuria, akaenda kulala ilhali ilikuwa saa tano asubuhi.

Kisha mchungaji. Alinisikiliza vizuri, ni mtu mwema, akasema: Mwalimu, mama yako mzima au si mzima? Kama ni mzima, unataka kuwanyang'anya watu nini? Nikamwambia kuna mwanamke anangoja siku zake arobaini kwa sababu ya neno tulilosema pale mbele. Akasema basi twende kwake kimyakimya. Nikamwambia Mama hakusema kimyakimya.

Jumapili nilisimama. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili, juu ya njia na jibu, juu ya Mungu na maabara, maelezo mazuri tu. Sikuyasoma. Nilisema kipimo cha Oktoba kilichanganywa na cha mtu mwingine, Mama hakuwa mgonjwa, aliyekuwa mgonjwa ni mwingine na sasa hali yake ni mbaya. Nikasema mwenye uvimbe apimwe. Nikakaa. Wapo waliotoka. Mmoja aliniambia mlangoni kwamba shetani huwatumia wasomi. Mwingine alisema alijua tangu mwanzo, jambo ambalo si kweli, maana ndiye aliyelia kuliko wote Februari.

Fundi cherehani alikwenda kupimwa Jumatatu. Amefanyiwa upasuaji Alhamisi iliyopita. Daktari anasema wamewahi, ingawa si sana. Wifi yako alimpelekea uji wodini. Aliupokea, akageukia ukutani.

Hatuna tena wa kumshika Mama mkono. Mama anasema afadhali, mkono ulikuwa umechoka.

Ana ombi. Anataka kuonana na huyo mpishi. Nimemwambia haiwezekani. Kasema nikuulize wewe, si mimi.

Kaka yako


30 Julai

Kaka,

Mama amepanda basi la asubuhi leo, atafika kabla ya barua hii. Atakueleza kwa maneno yake, ambayo hayatakuwa mengi, kwa hiyo nakuandikia mimi.

Nilimuuliza mpishi nikitegemea atakataa. Sikutaka kumuuliza, ila nimekuwa nakwenda kumwona kila Jumanne na Ijumaa. Hajanifukuza wala hajanikaribisha. Nakaa kwenye kile kiti cha chuma, namsaidia kusogeza mto, naondoka. Nilipomwambia Mama anaomba kuja, alisema aje mchana, asubuhi anakuwa na dripu.

Mama alivaa gauni lake la kijivu na alikataa kununua matunda njiani. Akasema hii si ziara ya matunda. Wodi ina vitanda nane, cha mpishi ni cha pili kutoka mlangoni. Amekonda, lakini mikono yake bado ni ya mtu anayesonga ugali wa watoto mia tatu. Mama akakaa kitandani, si kwenye kiti. Mimi nikasimama karibu na dirisha. Nikawa nasoma jina la kiwanda kwenye fremu ya kitanda.

Kisha mpishi akauliza, "Uliishi nayo muda gani, hiyo karatasi yangu?"

"Miezi mitatu," Mama akasema.

"Ulikuwa unalala?"

"Nilikuwa silali."

"Mimi nililala," mpishi akasema. "Miezi sita. Nilipoambiwa niko salama nilimshukuru Mungu, nikapika wali wa nazi kwa shule nzima bila kumwambia mkuu. Nililala vizuri kuliko maisha yangu yote."

Mama akamwambia, "Ningekupa usingizi huo hata kama ungekuwa wangu." Sikuelewa vizuri alichomaanisha. Nadhani hata yeye hakukielewa. Lakini mpishi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Mama akauliza kama amwombee. Mpishi akasema amwombee, ila asimwombee apone, ameshachoka na hiyo. Amwombee pumzi za usiku. Mama akaomba kwa sauti ya chini. Mimi sikutoka nje. Sikufumba macho pia. Niliangalia chupa tupu za dripu ya asubuhi.

Njiani kurudi Mama aliniuliza kitu kimoja tu, kama nilimkumbuka mwanangu siku ile nilipoomba. Nikasema ndiyo. Akashika mkoba wake kwa mikono miwili mpaka nyumbani.

Mdogo wako


22 Agosti

Mdogo wangu,

Mama alifika salama, hana uchovu. Ameanza kuamka mapema kuliko sisi. Ninamsikia anaomba kwa dakika chache, halafu redio ya habari. Mapacha wanafanya mitihani. Wifi yako aliitoa cherehani chumbani kwako, kisha akairudisha tena; anasema hajui tena unakuja lini.

Nimejiuzulu uzee wa kanisa. Hakuna aliyenifukuza. Ninakwenda, nakaa safu ya nyuma, naimba. Nikiombwa kusema neno natikisa kichwa. Sijaacha kuamini, usinielewe vibaya, ila kile nilichoamini kwamba nakielewa sasa sikielewi, na kusimama mbele za watu na kitu ambacho sikielewi ni kazi ya mtu mwenye ujasiri kuliko mimi. Wale wawili ndani yangu bado hawajagombana. Hawaongei tu. Wamekaa chumba kimoja kama watu waliofiwa.

Juzi msichana wa kidato cha nne alibaki darasani baada ya kipindi. Mama yake ni miongoni mwa waliotoka kanisani siku ile. Akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo tulipoomba, kuna aliyesikia?" Nilikuwa na majibu manne, yote nimewahi kuyatumia. Nikamwambia sijui. Akasema asante, akakusanya vitabu vyake. Sijawahi kushukuriwa vile kwa kutojua.

Nilianza barua hii mara mbili. Ya kwanza niliandika kwamba Mungu alikuwa na sababu yake kukuweka pale siku ile. Nilipoisoma nikaikumbuka sauti yangu. Ndiyo niliyosema nayo kaburini, kwa mwanao, mbele yako, kwamba Mungu ana sababu. Ulikuwa umeshika kofia yake ndogo ya sufi na mimi nikakutolea sababu. Nimeichana. Yale maneno ya miaka sita, kama naruhusiwa, nayarudisha.

Je, bado unaomba, hata mara moja moja? Si kwa ubaya. Nauliza kwa kuwa sina mwingine wa kumuuliza.

Kaka yako


11 Oktoba

Kaka,

Salamu kwa wote. Mwambie wifi aache cherehani palepale ilipo, nitakuja Desemba na nitalala sebuleni.

Mpishi alifariki tarehe kumi na tisa Septemba, saa nane mchana. Nilikuwa nimetoka kununua maji. Dada yake alinipa mkono, kisha akanitaka niende. Nilikwenda. Mazishi sikuhudhuria, hawakunialika. Shule ilitoa basi kwa wanafunzi.

Yale uliyoyarudisha nimeyapokea. Sina cha kuongeza hapo. Ile kofia ninayo.

Kazini nimerudi tangu tarehe moja. Walikaa kikao, wakasoma ripoti, wakanipa onyo la maandishi. Kuna wenzangu wanaonisalimia kwa sauti kubwa kuliko zamani na kuna wasionisalimia. Nawaelewa wote.

Utaratibu umebadilishwa. Mezani kinawekwa kichupa kimoja tu, vingine vinabaki kwenye trei, nyuma. Kabla hakijafunguliwa wanasimama watu wawili. Mmoja anasoma jina la mtu, lote, kwa sauti, na namba yake. Wa pili anaangalia fomu kisha anajibu, "Ndiye." Asipojibu hakifunguliwi. Inachelewesha kazi, na madaktari wanalalamika.

Mwenzangu wa kusimama naye ni kijana wa mjini asiye na dini yoyote, mshabiki wa mpira. Ananitania kwamba nasoma majina kama ninayewaita watu waje mezani. Leo tumesoma thelathini na manne.

Umeniuliza kama naomba. Siombi, Kaka. Nasoma jina, namngoja aseme ndiye, nafungua.

Mdogo wako